Ahadi ya Pittsburgh: Bwana Roosevelt na Daftari la Serikali

Somo la historia, kwa madarasa ya watu wazima

Leo somo letu ni la historia, lakini ni historia yenye hesabu ndani yake. Usiogope. Hesabu zenyewe ni za kujumlisha na kutoa, zile zile ulizokwisha kujifunza. Weka penseli karibu.

Tutazungumza juu ya mtu mmoja aliyetaka kuwa rais, juu ya ahadi aliyoitoa kuhusu fedha za serikali, na juu ya yale yaliyotokea alipokwisha kuchaguliwa. Mtu huyo ni Franklin Roosevelt wa Marekani, na mwaka ni 1932. Nimemchagua yeye kwa sababu ahadi yake ilikuwa na tarakimu. Ahadi nyingi za wagombea hazina tarakimu. Utasikia: tutaleta maendeleo, tutaondoa dhiki. Ahadi ya namna hiyo huwezi kuipima, kama vile huwezi kupima moshi kwa kibaba. Lakini mtu akisema nitapunguza robo, wewe waweza kungoja miaka minne, ukafungua daftari, ukatazama.

Basi kwanza tuelewane juu ya daftari lenyewe. Serikali, kama mwenye duka, ina ukurasa wa fedha zinazoingia na ukurasa wa fedha zinazotoka. Zinazoingia ni kodi na ushuru. Zinazotoka ni mishahara ya watumishi, gharama za jeshi, barabara, pensheni, na riba ya madeni ya zamani. Ikiwa katika mwaka mmoja zilizotoka ni nyingi kuliko zilizoingia, ile tofauti huitwa upungufu. Magazetini siku hizi mtaona pia neno nakisi; ni jambo lile lile. Upungufu ni wa mwaka mmoja. Serikali huuziba kwa kukopa, na mikopo ya miaka yote ikikusanyika pamoja huitwa deni la taifa. Msichanganye mambo haya mawili. Hata wagombea huyachanganya, na wengine hufanya hivyo kwa makusudi.

Mama mmoja katika darasa nililofundisha zamani, muuza maandazi, aliniuliza: "Mwalimu, serikali hukopa kwa nani, na yenyewe ndiyo yenye fedha?" Swali zuri sana. Hukopa kwa watu na kwa mabenki. Huuza hati, wewe unatoa fedha yako leo, unapewa hati, kila baada ya muda unalipwa riba, na siku iliyoandikwa unarudishiwa fedha yako yote. Kwa hiyo serikali ikikopa nchini mwake, mdai ni raia wake mwenyewe au benki ya raia wake, na mlipaji kodi ndiye anayelipa riba.

Neno moja zaidi. Katika somo hili utakutana na bilioni. Bilioni moja ni milioni elfu moja. Iandike: moja, halafu sifuri tisa.

Sasa twende Marekani. Mwezi wa Oktoba 1929 bei za hisa zilianguka katika soko la New York, na baada ya hapo uchumi wa nchi ile ukaanza kuteremka kama gari lisilo na breki. Kiwanda kikifungwa, kibarua hana mshahara. Asiye na mshahara hanunui viatu. Mwenye duka la viatu haagizi viatu vipya. Kiwanda cha viatu nacho chapunguza watu. Benki zilizokuwa zimewakopesha watu hao zikashindwa kulipwa, na maelfu ya benki yakafunga milango, na akiba za watu zimo ndani. Kufika mwaka 1933, katika kila wafanyakazi wanne, mmoja hakuwa na kazi.

Angalieni jambo hili lilivyoligusa daftari la serikali. Asiye na kazi halipi kodi ya mapato, na kiwanda kilichofungwa hakilipi kodi ya faida. Ukurasa wa kuingia ukakauka. Wakati huo huo wenye njaa wakaongezeka. Katika mwaka wa fedha uliokwisha Juni 1930 serikali kuu ya Marekani ilikuwa na ziada ya dola milioni 738. Miaka miwili tu baadaye, katika mwaka uliokwisha Juni 1932, iliingiza dola milioni 1,924 ikatumia dola milioni 4,659. Tarakimu hizi ni kubwa mno kwa macho yetu, basi tuzipunguze: ni kama mtu aliyepata shilingi 192 akatumia shilingi 466.

Rais wa wakati huo alikuwa Herbert Hoover wa chama cha Ripablikani. Watu wengi husimulia habari zake kana kwamba alikaa mikono mapajani. Si kweli. Hoover aliamini, kama karibu viongozi wote wa siku zile, kwamba serikali njema ni ile ambayo kurasa zake mbili zinalingana. Mwaka 1932 alipandisha kodi sana. Tajiri wa juu kabisa, aliyekuwa akitozwa senti 25 katika kila dola ya mapato yake ya juu, sasa akatozwa senti 63. Hata hivyo upungufu haukuzibika, maana huwezi kukamua ng'ombe asiyekula.

Huko Albany, makao makuu ya Jimbo la New York, gavana alikuwa Franklin Roosevelt wa chama cha Demokrati. Alikuwa ameshika kazi hiyo tangu Januari 1929. Ukitaka kumjua mgombea, tazama kwanza alifanya nini pale alipokuwa na fedha za watu mikononi. Gavana Roosevelt naye alipenda kusema habari za kubana matumizi. Lakini mwezi wa Agosti 1931, shida ilipozidi na mashirika ya hisani yalipoishiwa, aliliita baraza la kutunga sheria la jimbo akaliambia kwamba kumsaidia raia asiyeweza kupata riziki si sadaka, ni wajibu wa serikali. Akaomba dola milioni 20 kwa msaada huo. Je, alizipata wapi? Hakusema zitatoka mbinguni. Kodi ya mapato ya jimbo iliongezwa kwa nusu. New York ikawa jimbo la kwanza kuunda idara yake ya kuwasaidia wasio na kazi, na msimamizi wake mmoja, Harry Hopkins, tutakutana naye tena. Mwaka uliofuata fedha hizo hazikutosha, ikabidi kutafuta mkopo wa dola milioni 30 kwa kura ya wananchi. Roosevelt alipoondoka Albany hazina ya jimbo ilikuwa na upungufu.

Haya yaweke akilini. Mtu huyu penye njaa alitumia, akatoza kodi, akakopa. Hayo yalikuwa matendo yake kabla hajaomba urais.

Mwezi wa Julai 1932 chama cha Demokrati kilikutana Chicago kikamteua. Desturi ya zamani ilikuwa mteuliwa angoje nyumbani mpaka ajulishwe rasmi. Roosevelt akapanda ndege kutoka Albany akaenda mwenyewe kukubali, jambo lililowashangaza wengi. Katika mpango wa chama uliopitishwa pale kulikuwa na sharti hili: matumizi ya serikali kuu yapunguzwe kwa si chini ya asilimia 25, na bajeti ilingane kila mwaka. Asilimia 25 ni robo. Katika kila dola 4, dola 1 isitumike.

Mwisho wa mwezi ule Roosevelt alizungumza katika redio. Akafananisha serikali na familia: familia yaweza kutumia kuzidi kipato kwa mwaka mmoja, lakini ikifanya hivyo mwaka hata mwaka, itaishia katika nyumba ya maskini. Watu waliupenda mfano huu, nao wapendwa mpaka leo, kwa kuwa kila mmoja wetu ana nyumba. Mimi nitautia kasoro kidogo. Wewe ukibana matumizi nyumbani, ukaacha sukari kwa mwezi, mshahara wako haupungui. Lakini serikali ikipunguza mshahara wa mwalimu, mwalimu hununua kidogo dukani, mwenye duka hupata faida ndogo, na kodi yake hupungua. Kubana kule kunarudi kuukauka ukurasa wa kuingia wa serikali ile ile. Sisemi kwamba serikali yaweza kutumia bila kikomo; riba hulipwa na mtu, na mtu huyo ni mlipaji kodi. Nasema tu kwamba mfano wa nyumba ni koti zuri lisilotosha mabegani.

Basi tufike Pittsburgh. Huu ulikuwa mji wa viwanda vya chuma cha pua katika Jimbo la Pennsylvania. Mwaka ule tanuri nyingi zilikuwa baridi. Januari 1932 padri mmoja wa mji huo, James Cox, alikuwa ameongoza maelfu ya wasio na kazi kwenda Washington kudai kazi. Huko ndiko Roosevelt alikokwenda tarehe 19 Oktoba 1932, katika uwanja wa besiboli ulioitwa Forbes Field, kuzungumza juu ya bajeti. Kwa kweli ni jambo la ajabu: watu wenye njaa, wamejaa uwanjani usiku wa baridi, wanasomewa hesabu za hazina.

Alimlaumu Hoover kwa kutumia kupita kiasi. Alisema bajeti iliyolingana kwa uaminifu ndiyo msingi wa kupona kwa uchumi. Akarudia ahadi ya chama: gharama za kuendesha serikali kuu atazipunguza kwa robo. Watu wakashangilia. Kisha, karibu na mwisho, akatia maneno mengine. Akasema kwamba ikiwa njaa na dhiki kubwa ya raia yeyote italazimisha kutumia fedha zaidi, hata bajeti ikashindwa kulingana, hatasita kuwaambia wananchi ukweli wote na kuwaomba idhini.

Soma tena sentensi hiyo. Ina neno moja dogo: ikiwa. Mwaka ule njaa haikuwa jambo la kukisia. Ilikuwa imeketi pale pale uwanjani, safu ya mbele.

Nikiwa chuoni kwa masomo ya diploma niliandika insha juu ya habari hii. Nilikuwa kijana na kalamu yangu ilikuwa kali. Nikamwita Roosevelt mwongo mtupu, nikamaliza kwa kupiga mstari chini ya neno hilo. Insha ilirudi na maneno machache kwa wino mwekundu: "Umeisoma hotuba yote?" Nilikuwa sijaisoma. Nilikuwa nimesoma kipande kilichonakiliwa katika kitabu cha mtu mwingine, na kipande hicho kiliishia kabla ya ile "ikiwa". Tangu siku hiyo nimekuwa mwoga wa vipande.

Hata hivyo sikubadilika nikawa wakili wake. Mgombea akisema jambo moja kwa sauti kubwa na lingine kwa sauti ndogo, anajua ni lipi watu watakwenda nalo nyumbani. Watu wa Pittsburgh walikwenda nyumbani na robo. Tena hakuwaambia robo hiyo itakatwa wapi. Serikali ile ilikuwa inatumia sehemu kubwa ya fedha zake kwa mambo magumu kukatwa: riba ya deni, jeshi, na malipo ya askari wa zamani waliopigana vita vya 1917 na 1918. Na habari ya askari hao ilikuwa mbichi. Majira ya joto ya 1932 maelfu yao walipiga kambi Washington kudai malipo yao, na tarehe 28 Julai Rais Hoover alitumia jeshi kuwaondoa. Mwenye kuahidi robo alikuwa, bila kutaja, anaahidi pia kuwagusa watu hao.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 8 Novemba 1932. Roosevelt alishinda katika majimbo 42 kati ya 48. Akaapishwa tarehe 4 Machi 1933, benki nyingi za nchi zikiwa zimefungwa.

Mwanzoni alitimiza. Hili husahauliwa sana. Siku ya sita tu, tarehe 10 Machi, alipeleka bungeni ombi la kupunguza matumizi, na tarehe 20 Machi akatia sahihi sheria. Mishahara ya watumishi wa serikali ikapunguzwa hadi asilimia 15. Malipo ya askari wa zamani na vilema wa vita yakakatwa sana. Lengo lilikuwa kuokoa dola milioni 500. Mkuu wa ofisi ya bajeti, Lewis Douglas, aliyeamini kulinganisha bajeti kama mtu aaminivyo dini yake, alifurahi. Askari hawakufurahi. Mwezi wa Mei walirudi Washington. Safari hii hawakuletewa jeshi. Mke wa rais, Bibi Eleanor Roosevelt, aliwatembelea kambini, na wengi wakapewa kazi ya misitu.

Sasa angalia upande wa pili. Tarehe 12 Mei 1933, hata miezi miwili haijapita, alitia sahihi sheria nyingine ya kuyapa majimbo fedha za kuwasaidia wenye shida. Kiasi chake? Dola milioni 500. Tarakimu ile ile! Mkono wa kushoto ulikuwa umeokoa milioni 500, na mkono wa kulia ukatoa milioni 500. Msimamizi wa fedha hizo alikuwa nani? Harry Hopkins, yule wa New York. Kabla ya hapo, mwisho wa Machi, kilikuwa kimeanzishwa kikosi cha vijana wa kupanda miti na kutunza ardhi. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na katika hizo dola 25 kwa kawaida zilipelekwa kwa wazazi wake. Mwezi wa Juni likaja fungu la dola bilioni 3.3 za kujenga mabwawa, madaraja, shule na majengo ya umma. Kufika Januari 1934 watu kiasi cha milioni 4 walikuwa wakifanya kazi za dharura zilizolipwa na serikali kuu. Lewis Douglas aliona haya hayavumiliki. Mwezi wa Agosti 1934 akajiuzulu.

Roosevelt aliyaelezaje mambo haya? Alisema kuna madaftari mawili. Moja ni la matumizi ya kawaida ya serikali, na hili, alisema, analibana kama alivyoahidi. La pili ni la dharura, la kuokoa watu, na hili litafungwa dharura ikiisha. Maneno hayo yana ukweli, kwa sababu kule Pittsburgh alikuwa amesema gharama za kuendesha serikali, na alikuwa ametaja dhiki. Lakini mwenye duka hawezi kutuambia duka lake halina hasara kwa kuwa hasara ameiandika katika daftari lililo chini ya kitanda. Mkopo wa dharura ni mkopo, na riba yake haina habari za dharura. Kwa haki niseme kwamba hakulificha daftari la pili. Alilisoma hadharani, hata katika redio. Ila robo ya Pittsburgh ilikuwa imekwisha kuzama.

Hizi hapa tarakimu za serikali kuu, kwa mamilioni ya dola, kila mwaka ukiishia Juni. Safu ya tatu nimeiacha wazi kwa ajili yako.

Mwaka 1932: mapato 1,924, matumizi 4,659, upungufu........
Mwaka 1934: mapato 2,955, matumizi 6,541, upungufu........
Mwaka 1935: mapato 3,609, matumizi 6,412, upungufu........
Mwaka 1936: mapato 3,923; matumizi 8,228; upungufu ........

Ukimaliza kutoa utaona kwamba upungufu wa 1936 ulipita dola bilioni 4. Katika mwaka huo mna jambo lisilokuwa lake: Januari 1936 Bunge lilipitisha malipo makubwa ya askari wa zamani ingawa rais aliyakataa. Deni la taifa lote, lililokuwa kama dola bilioni 19.5 katikati ya 1932, likafika karibu bilioni 33.8 katikati ya 1936.

Lakini usitazame safu ya matumizi tu. Tazama na ya mapato. Katika miaka minne yaliongezeka mara mbili. Sehemu ya ongezeko hilo ni kodi mpya, kama ile ya bia, iliyoruhusiwa tena kuuzwa Aprili 1933 baada ya kukatazwa miaka mingi, wanywaji wakasherehekea na hazina ikachukua chake. Sehemu nyingine ni watu waliorudi kazini. Wasio na kazi walikuwa bado mamilioni, ila walikuwa wamepungua.

Ikafika mwaka 1936, uchaguzi tena. Mpinzani wake alikuwa Alfred Landon, gavana wa Kansas, mtu mpole aliyejulikana kwa kulinganisha bajeti ya jimbo lake. Kwa mtu wa namna hiyo hotuba ya Pittsburgh ilikuwa kama panga lililookotwa njiani. Roosevelt alitaka kurudi Pittsburgh, uwanja ule ule, alijibu jambo hilo. Akamwambia mwandishi wake wa hotuba, Samuel Rosenman, atafute njia nzuri ya kueleza maneno ya 1932. Rosenman aliisoma tena hotuba ile ya zamani, kisha akarudi kumwambia kwamba ameona njia moja tu: kukana kabisa kwamba aliwahi kuitoa hotuba hiyo. Rosenman mwenyewe ndiye aliyesimulia kisa hiki katika kitabu chake cha mwaka 1952. Nimekitumia mara nyingi darasani na sijaona watu wasicheke.

Roosevelt hakukana. Tarehe 1 Oktoba 1936 alisimama Forbes Field akazungumza kama mtu anayesoma ubao wa magoli ya besiboli, akiwaonyesha hali waliyokuwa nayo alipoingia na hali waliyonayo sasa. Akasema kwamba kulinganisha bajeti katika miaka ile kungekuwa kosa la jinai juu ya watu wa Marekani, kwa sababu kungemaanisha ama kutoza mali za watu kodi kali sawa na kunyang'anya, ama kuwageuzia mgongo wenye dhiki. Akasema upungufu utapungua kadiri kipato cha nchi kinavyopanda. Ile robo aliipita kimya kimya.

Wapiga kura waliipima. Roosevelt alishinda majimbo 46, Landon akapata mawili tu. Hapa wengine husema, basi, ahadi haina maana, watu hawajali. Mimi naona walijali sana, ila walipima kitu kingine: je, kuna moto jikoni kuliko miaka minne iliyopita? Hata hivyo, kibarua wa serikali aliyekatwa mshahara mwaka 1933, au kilema wa vita aliyepunguziwa malipo, alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini robo ilianzia kwake.

Habari haikuishia hapo. Mwaka 1937, uchumi ukiwa umepata nguvu kidogo, Roosevelt aliona wakati umefika wa kufunga daftari la dharura. Hakuwa amepata kuacha imani yake ya zamani. Akapunguza watu katika kazi za serikali. Mwaka huo huo makato mapya ya pensheni ya uzeeni yalianza kutolewa katika mishahara, na benki kuu nayo ikabana fedha za mabenki. Katika mwaka wa fedha uliokwisha Juni 1938 upungufu ulikuwa dola milioni 89 tu. Kwa serikali kubwa namna ile, hizo ni senti za kuanguka mfukoni. Bajeti iliyolingana, ile iliyoshangiliwa Pittsburgh, ilikuwa karibu kushikika kwa mkono.

Na mwaka huo huo viwanda vilianza tena kufunga. Wasio na kazi, kwa hesabu inayotumiwa sana na wanahistoria, walitoka kiasi cha asilimia 14 mwaka 1937 wakafika kiasi cha asilimia 19 mwaka 1938. Wataalamu wanabishana hadi leo ni sababu ipi kati ya zile tatu iliyokuwa nzito zaidi. Mwezi wa Aprili 1938 Roosevelt alirudi Bungeni kuomba zaidi ya dola bilioni 3 za kutumia na kukopesha, na upungufu ukarudi.

Sasa chukueni penseli. Kila mmoja ajaze safu ya tatu peke yake, halafu jirani aihakikishe. Kisha msimamizi wa darasa awagawe katika vikundi vya watu watano. Jifanyeni vibarua wa chuma cha pua, mmesimama Forbes Field usiku ule wa Oktoba 1932, mgombea amemaliza kusema na bado hajashuka jukwaani. Mmepewa nafasi ya kumwuliza swali moja tu. Liandikeni kwa sentensi moja, herufi zisomeke, na mtu mmoja wa kikundi alisome kwa sauti.